Mwisho Niliomtungia Rafiki Yangu

Mimi kazi yangu ni kutafsiri movi. Nina chumba kidogo ghorofani hapa Kariakoo, kuta nimezigongelea vipande vya godoro ili kelele za barabarani zisiingie. Naiangalia movi ya kigeni, nashusha sauti za waigizaji, kisha nasimulia kwa Kiswahili juu yake. Watu wananiita DJ, ingawa sijawahi kupiga muziki hata kwenye kipaimara. Chumvi naweka, sikatai. Mzungu akitukanwa tusi moja, mimi namshushia matatu, na wateja wanapenda hivyo.

Rafiki yangu, tuliyekua naye mtaa mmoja, alikuwa anauza viatu vya mtumba Mchikichini. Presha ya macho ilimwanza kimyakimya. Yeye alidhani ni vumbi, akanunua miwani ya kwenye meza za barabarani, akaendelea na biashara. Siku aliyomfungia mteja viatu viwili vya rangi tofauti ndipo tukampeleka hospitali. Tulikuwa tumechelewa. Daktari alituita nje, mimi na mama yake, akasema mishipa ya macho imeshakufa, hataona tena. Dawa ya matone ni ya kumpunguzia maumivu tu.

Mama yake alinishika mkono palepale koridoni. “Usimwambie, mwanangu. Mgonjwa hakatishwi tamaa. Tumwambie yatarudi taratibu.”

Nikasema sawa, mama. Ndivyo tunavyofanya huku kwetu, mgonjwa ndiye wa mwisho kuujua ugonjwa wake. Sikuona kosa lolote.

Sasa, mimi na yeye tulikuwa na katuni yetu moja ya Kijapani. Tuliijua tukiwa sekondari. Tulikuwa tunachapisha kurasa steshenari, tunazibana kwa pini, tunapokezana mpaka zinachanika kwenye mikunjo. Mimi, mtoto wa watu wa Masasi niliyelelewa kanisani, niliisoma wiki nzima kuanzia kushoto, nikadhani Wajapani hadithi zao zinaanzia mwishoni. Yeye alicheka mpaka akakaa chini. “Fala wewe! Inasomwa kulia, kama msahafu!” Alikuwa amesoma chuo cha Kurani tangu mdogo, kwake ilikuwa kawaida.

Ilikuwa hadithi ya dada aliyemwacha mdogo wake mlimani wakati wa njaa. Miaka mingi baadaye anarudi kumwomba radhi. Mdogo wake hamsamehi. Wanakaa kwenye theluji, kurasa tatu nzima, hakuna neno hata moja. Sisi wawili theluji hatujawahi kuigusa, lakini kurasa zile zilitutoa machozi.

Basi ikatangazwa kwamba Wazungu wanaigeuza iwe movi ya watu wenyewe, si ya kuchora. Kwenye grupu letu la simu hapakukalika. Wengine walilalamikia nywele, wengine sura, wengine walisema vitabu thelathini haviwezi kuingia kwenye saa mbili. Rafiki yangu, ambaye sasa alikuwa anasomewa meseji na mimi, alisema jambo moja tu: “Wazungu hawajui kunyamaza. Zile kurasa tatu watazijaza maneno.”

Ilipotoka niliiangalia kwanza peke yangu. Jamani! Nina hasira za karibu, siku ile nilitukana mpaka jirani akagonga ukuta. Mlima umekuwa mji wa Marekani. Dada amekuwa mtu wa utani, kila neno kichekesho. Na mwisho wanakumbatiana, wanacheka na kulia, violini zinalia nao, amesamehewa.

Jumamosi nikampelekea kwao, mchana. Mama yake alikuwa ametoka kwenda kwenye arobaini ya jirani. Rafiki yangu alikuwa ameshakaa mkao wa kula, mgongo ukutani. “Nataka kujua wameifanyaje,” akasema.

Nikamtazama yale macho. Nikajiambia, huyu ameshapoteza mengi, na hii nayo apoteze? Nikashusha sauti ikabaki kwa mbali, nikaanza kumsimulia katuni yetu, ile ya zamani, juu ya picha za Wazungu. Mlima niliurudisha. Dada nilimrudishia aibu yake. Naijua kazi yangu. Hata pale waliporusha magari nilipata cha kusema. Tukafika mwisho.

“Wamekaa kwenye theluji,” nikasema. “Hakuna anayeongea.”

“Zima,” akasema.

Nikazima.

“Nani alikuwa anacheka?”

“Hakuna aliyecheka.”

“Mwanangu, mimi macho ndiyo sina. Masikio ninayo. Mwanamke amecheka, na violini nimeisikia.” Sauti yake ilikuwa ya chini, nami nilitamani angepiga kelele. “Mwezi mzima tunawatukana Wazungu kwa kubadilisha. Wewe hapa umefanya nini?”

“Nilitaka usiumie!” Nilifoka, sijui kwa nini nilifoka mimi mkosaji.

“Nao walitaka watu wasiumie. Rudisha mwanzo.”

Nikarudisha. Safari hii nilimweleza kila kitu kilivyo, bila chumvi, na sauti nikaipandisha. Alisonya, akashika kichwa, mara moja akasema “pumbavu zao.” Hakunikatisha. Ilipoisha akasema, “Mbaya kweli.”

“Mbaya sana,” nikasema.

“Afadhali nimejua ubaya wake.” Akageuza uso upande wangu, akanikosa kidogo. “Na daktari alisema nini?”

Ningeweza kumwambia yaleyale ya kila siku, maneno nilikuwa nayo tele. Nikashindwa. Nikamwambia mishipa imekufa. Nikamwambia hayarudi, na kwamba tangu siku ile ya hospitali tulijua.

Alipitisha viganja usoni kama mtu aliyemaliza dua. Mimi nililia waziwazi, sikuona haya. Baadaye akauliza, “Mama anajua?”

“Yeye ndiye aliyeniomba nisikwambie.”

“Basi usimwambie kwamba nimejua.”

Mama yake aliingia muda si mrefu, na pilau ya arobaini kwenye hotpoti. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaenda moja kwa moja kuchukua chupa ya matone. “Inua uso, baba,” akamwambia mwanawe. “Hii ndiyo itakayoyarudisha.”

Akainua uso. Matone yakaingia, moja kila jicho.

“Inshallah, mama,” akasema. “Leo nimeona kamwanga kidogo pale dirishani.”

Mama akageuka kunitazama, uso wote umemchanua. “Umesikia? Umesikia anachosema?”

Nikasema nimesikia, mama.