Profesa wa Chambo

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, hujiita mfugaji wa chambo. Chambo chenyewe ni visamaki hai, vidogo kama kidole, ambavyo wavuvi wa samaki wakubwa huvitunga kwenye ndoana vikiwa bado vinatapatapa. Kilichokufa hawakitaki. Kuvua, anavua mdogo wangu. Kutunza, anatunza mdogo wangu. Shemeji, yeye, anajiita.

Alfajiri mke huburuta wavu wa matundu madogo kijitoni na kuvimimina visamaki ndani ya pipa. Havigusi kwa mkono mkavu, maana ute wa ngozi ukibanduka vinaota ukungu na kufa. Vigeni havichanganyi na vya zamani. Pampu ya hewa haizimi. Maji ya bomba huyalaza kwanza kwenye mapipa yaliyo wazi, ili dawa iliyotiwa na watu wa maji iishe. Muda huo wote mume yuko kwenye kiti cha plastiki mbele ya matangi, akiwaeleza wapita njia tabia za samaki. Mtaani wanamwita Profesa. Walimpa jina hilo kwa kejeli, akalipokea kama cheo.

Juzi nahodha mmoja mwenye mashua kadhaa alituma salamu kwamba atakuja kutazama chambo. Akiridhika, atachukua kwao msimu mzima. Mdogo wangu alikuwa amechoka kuvua bila kujua kama atapatikana mnunuzi, na kwa siku chache nilimwona akicheka peke yake.

Siku yenyewe alikwenda kijitoni kuongeza visamaki. Mimi nilikuwa nimekuja kuwatembelea. Profesa akainuka, jambo lililonishtua, akayakagua matangi. Maji yalikuwa na ukijani kidogo.

"Mgeni atadhani tunafuga vyura," alisema, akaanza kuyamwaga.

Alipoingiza mpira wa bomba moja kwa moja kwenye tangi, nilimshika mkono.

"Shemeji, si mwenzako husema maji yalale kwanza?"

"Shemeji, wewe umesoma vitabu. Mimi nimesoma samaki."

"Basi mwulize anayewavua."

"Yule? Yule ana kazi ya wavu. Hapa ni utaalamu." Akaung'oa mkono wake, akafungua bomba mpaka mwisho.

Maji yalitakata kweli, ungeweza kusoma gazeti upande wa pili. Visamaki vikapanda juu vyote kwa pamoja, midomo wazi.

"Unaona vinavyochangamka?" alisema. "Vimejua mgeni anakuja."

Nahodha alipofika, vingi vilikuwa vimeshageuza matumbo. Aliinama, akatazama kwa muda.

"Bwana, hivi vinafanya nini?"

"Vinapumzika, nahodha."

"Chali?"

"Ndivyo ilivyo aina hii."

"Mimi huwa nanunua aina inayoogelea."

Hapo mdogo wangu akaingia akisukuma mkokoteni wenye pipa. Aliona tangi, akaona mpira unaodondosha maji. Alilowesha mikono, akaanza kuteka vilivyokuwa bado vinahema na kuvitia kwenye karai la maji ya kijito. Mumewe alisimama pembeni akimwelekeza: kile pale, na kile kule.

Nahodha alichungulia ndani ya pipa. Visamaki vilivyotoka kijitoni vilikuwa vinazunguka kwa kasi, vyeusi mgongoni, vizima kabisa.

"Dada, hivi nitavichukua leo," alisema. "Lakini msimu, unisamehe. Siwezi kuutegemeza kwenye nyumba ambayo huku wanafuga, huku wanaua."

"Nimekuelewa, kaka," alijibu mdogo wangu, bila kuinua uso.

Hata mashua za nahodha hazijatoka bandarini, Profesa ameshawaambia majirani kwamba watu wa maji wamemhujumu, na kwamba nahodha yule, ukimtazama vizuri, si mtu wa samaki. Jirani mmoja alimpa pole. Akaipokea kama mfiwa.

Mimi nilimsaidia mdogo wangu kuvizoa vilivyokufa. Vilijaza ndoo mbili.

"Na humwambii kitu?" nilimuuliza.

"Nimwambie nini, dada? Nimemkuta anajuta."

"Amesema hivyo?"

"Amesema kuanzia kesho atakuwa ananisaidia."

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashika kichwa. Nahodha alipokataa msimu hakulia. Sasa alikuwa analia.