Swali la Kabla ya Ufunguo

Dada yangu mkubwa ni mtu wa haya, na si haya za kujifanya. Nyumbani kwake ukiuliza choo kiko wapi unaambiwa "kule nyuma", basi. Amezaa watoto wanne, amewaogesha na kuwabadilisha nepi, na sijamsikia akitaja neno lolote la uchafu. Mimi mdogo wake nimezaliwa na mdomo usio na breki. Mpaka leo hunifinya mbele za watu ninyamaze, na mvi zimenijaa kichwani.

Sote wawili ni makeshia katika duka moja kubwa, kaunta zetu zilikuwa zimepakana. Yeye ndiye aliyeniingiza. Alianza pale duka likiwa chumba kimoja na mizani moja. Tangu mumewe apate kiharusi, nyumba nzima inategemea mkono wake: mgonjwa, watoto, kodi. Dada akimwaga unga, wote wamelala njaa, na meneja alilijua hilo vizuri sana.

Meneja huyu mpya ana umri wa kifungua mimba wa dada. Chuki yake ilianza siku alipomtukana mfagizi mbele ya wateja. Dada akamwita pembeni, kwa adabu zote, akamwambia, "Baba, yule ni mtu mzima. Ukitaka kumsema, mseme mkiwa wawili." Ebo! Ikawa ndiyo nongwa. Akamkalia kooni. Akamhamishia kaunta ya mlangoni panapopiga jua, akamwondolea kiti, akawa anamwita "bibi" kwa dharau. Dada kimya kama maji ya mtungi. Mimi ndiye niliyekuwa nachemka.

Kisha akaja na hili la ufunguo. Choo cha wafanyakazi kikafungwa, ufunguo ukatundikwa ukutani nyuma ya meza yake, eti tunapoteza muda. Ukitaka kwenda unaingia ofisini kuomba. Na huyo bwana hakupi hivi hivi. Anaegemea kiti, mlango wazi, anauliza kwa sauti ya dalali mnadani: "Haja kubwa au haja ndogo?" Vijana wa stoo walikuwa wanajisogeza makusudi wasikie. Mimi siku ya kwanza nilimjibu, "Zote mbili, na ukitaka nitakuletea ushahidi." Stoo nzima ikaangua kicheko, na hakuniuliza tena. Aliowataka ni wenye haya.

Sasa dada anameza dawa za presha, na dawa zile zinampeleka mtu chooni mbio. Akaacha kunywa maji asubuhi. Midomo ikampasuka, kichwa kikawa kinamgonga kutwa. Nikamwambia, "Dada, utakufa kwa ajili ya mpumbavu mmoja!" Akasema, "Niache, mdogo wangu. Atachoka mwenyewe."

Hakuchoka. Mwisho wa mwezi, foleni imefika mpaka kwenye rafu za sabuni, nikamwona dada anakwenda ofisini. Nikalisikia lile swali kutoka kule nilikokaa. Nikamwona anarudi mikono mitupu, uso umemshuka. Alishindwa kujibu, akarudi kusimama. Baada ya muda akafunga droo ya pesa kwa ufunguo, akavuka barabara akikimbia, mama mzima, kwenda kuomba choo kwa fundi cherehani. Aliporudi alimkuta meneja anaipiga picha kaunta tupu kwa simu yake.

Akaandikiwa barua. Afike mbele ya kikao cha nidhamu kujibu kosa la kutelekeza kituo cha kazi, na akipatikana na hatia anafukuzwa. Aliruhusiwa kuja na mwenzake mmoja wa kumsindikiza, ila mwenzake huyo asitie neno. Mimi huyo! Nisitie neno!

Tukaingia. Katikati alikaa mzee mmoja kutoka makao makuu, mwenyekiti, miwani imemshuka puani. Kushoto kwake mhasibu wa duka, jirani yetu mtaani, mlango wa tatu, mtu ambaye dada huamkiana naye kila asubuhi. Kulia meneja, shati limenyooka, anachezea kalamu.

"Mama, siku hiyo uliondoka kwenye kaunta?" mwenyekiti akauliza.

"Niliondoka."

"Ulikwenda wapi?"

Dada akatazama sakafu. "Nilitoka kidogo."

"Kwenda wapi?"

"Hapo nje tu, mzee wangu."

Nikamwona meneja anatabasamu. Mshenzi yule! Alijua dada alikokwenda, alijua kwa nini, na alijua kwamba hatasema mbele ya wanaume watatu. Kesi nzima aliijenga juu ya haya za mama wa watu.

"Mwenyekiti," akasema, "mtu aliyekwenda mahali pa halali haoni tabu kupataja. Mimi sitaki kumpaka mama matope, lakini siku ile droo ilikuwa imejaa. Alivuka barabara amebeba nini? Alimpelekea nani?"

"Mwongo mkubwa wewe!" Nilikuwa nimeshasimama. "Alikwenda..."

"Kaa chini," mwenyekiti akanikata. "Neno moja zaidi unatoka, na mwenzako atabaki peke yake."

Nikakaa. Niliuma ulimi mpaka nikaonja damu, haki ya Mungu.

Dada akainua uso. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Akasema, "Nilikwenda kukojoa."

Mhasibu akageukia dirishani.

"Nilibanwa na mkojo," dada akaendelea. "Nameza dawa. Niliomba ufunguo, akaniuliza kubwa au ndogo, na watoto wa stoo wanacheka. Nikarudi kusimama. Nikaanza kujikojolea palepale, mteja ananitazama. Ndipo nikakimbia. Kamuulizeni fundi cherehani. Sijaiba mimi."

Mwenyekiti akavua miwani. Akamgeukia meneja. "Ni kweli huwa unauliza hivyo?"

Meneja akacheka kidogo. "Ah, mzee, ni utani tu wa kazini."

"Na wewe umeshausikia huo utani?" akamwuliza mhasibu.

"Kila siku," mhasibu akajibu, macho bado yako dirishani.

Kila siku! Na hakuwahi kufungua kinywa chake! Jirani mzima!

Mwenyekiti akafunga faili. Akasema haoni kosa, mama arudi kazini, na ufunguo utoke ofisini leo hii. Akasema dada anaweza kwenda.

Tulipofika kwenye ujia, kati ya makatoni ya mafuta, nilimkumbatia. "Tumeshinda, dada! Tumemkomesha!"

Akanitoa mikono. Sijawahi kuona macho yale kwake.

"Umeshinda nini wewe?" akasema. "Kesho asubuhi nitamwamkia vipi yule baba jirani yetu? Mkewe akinikaribisha ndani nitakaa vipi? Nimesema maneno yale mbele yao, mtu mzima mimi, nina wajukuu. Kazi wamenirudishia. Na hiki walichonivua mle ndani nani atanirudishia?"

Akaketi juu ya katoni, akajifunika uso kwa aproni, akalia kwa kwikwi.

Nikatazama nyuma. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Meneja ameketi palepale, anajimiminia maji kwenye glasi, anamweleza mwenyekiti habari za mauzo. Katika kikao kile chote yeye, mwenye swali lenyewe, hakulazimishwa kutamka lolote la aibu. Swali lake wameliita "hivyo", wameliita "utani", yakaisha.

Nikaingia bila kubisha hodi.

"Meneja," nikasema, "uliza."

"Niulize nini?"

"Lile swali lako. Liulize sasa hivi, kwa sauti ileile, hawa wazee wakusikie kwa masikio yao."

Akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akavaa miwani yake, akamkazia macho. Mhasibu akataka kuinuka, nikamwonyesha kiti chake, akarudi akakaa. Shingo ya meneja ikaanza kuloa jasho.

Nikavuta kiti alichokalia dada, nikaketi.

"Dada yangu keshasema lake," nikamwambia. "Tunakusubiri wewe."