Kichuguu kwenye Kioo

Fundi umeme, ambaye gereji nzima ilimwita Mama Mawimbi, aliunganisha oskiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, kwenye injini iliyotetemeka kama mgonjwa wa homa. Kaka yake, fundi injini, alishaapa kuwa ubovu ni pampu ya mafuta. Kwenye kioo cha kifaa, mistari ya cheche ilipanda, mmoja kwa kila silinda: mlima, mlima, kichuguu, mlima.

"Huyo hapo!" Mama Mawimbi aliruka. "Silinda ya tatu! Pampu yako haina kosa!"

Alichomoa koili inayoipa silinda hiyo cheche. Ikatoka ikichuruzika maji.

"Kaka, injini umeiosha?"

"Sasa dada, nimrudishie mteja gari chafu?"

Mama Mawimbi alicheka hadi machozi. "Lilikuja kubadilishwa oili tu, buheri wa afya. Umeliogesha mpaka likapata homa!"