Mkusanya Nyimbo wa Mfalme

Kila masika, tukiwa tunachuma majani ya miforosadi ya kulisha viwavi wa hariri, mkusanya nyimbo wa mfalme huja na kengele yake yenye ulimi wa mbao. Haombi kuimbiwa. Hukaa chini ya miti hiyo, akinywa uji wetu wa mtama, midomo ikirudia kimyakimya kila tunachoimba. Vidole vyake ni laini mno, na penye huzuni hufumba macho. Anasema wimbo ni moyo uliotoka nje, na mfalme akiusikia atajua kama anatutawala vyema. Ng'ambo ya mto waliimba njaa. Badala ya nafaka wakaletewa askari. Juzi mwenzetu Shulan aliimba wimbo wa msichana anayengoja kivukoni mwanamume asiyetokea.

"Huyo asiyetokea ni mfalme, siyo?" mkusanya nyimbo akauliza.

"Mfalme wapi, mzee? Mtoto wa mfinyanzi huyo," Shulan akamjibu. "Nenda kamwambie mfalme amlete."

Wanawake wakacheka. Mzee hakucheka, midomo yake iliendelea kurudia maneno. Shangazi Ruan akamnong'oneza Shulan, "Umeshatuponza."

Jioni nilimkuta mkusanya nyimbo mtoni ananawa miguu, akiuimba wimbo uleule, na pale pa kungoja sauti ikamkatika. Nilimwonea huruma, nusura nimwitikie. Lakini nikabaki kwenye matete, nimebana pumzi. Mtu kama yule anaweza kulia makusudi, asikie utaitikia nini.