Nani anacheka kwenye huu msiba? Swali la bibi lililonifundisha kumuumba mhusika wa riwaya

"Kwenye huu msiba wako, nani anacheka?"

Swali hilo niliulizwa na bibi yangu, mama yake baba. Tumekaa sebuleni kwa baba mdogo kule Chamazi, laptop ipo mapajani, sura ya kwanza ya riwaya yangu ndiyo kwanza nimemaliza kumsomea kwa sauti.

Kusema kweli niliona swali lenyewe halina maana. Msibani watu wanalia.

Wakuu, heshima kwenu, wakongwe na mliojiunga jana. Humu ndani kila mara anatokea mtu anauliza riwaya inaandikwaje, na majibu yanakuwa yale yale: soma sana, andika kila siku, usikate tamaa. Mie ni mbishi, chuo kizima walinijua kwa hilo, kwa hiyo sitawapa kanuni ambayo sijaijaribu. Nitasimulia kilichonitokea kama kilivyotokea, na penye shaka nitasema nina shaka.

Twende.

Riwaya yangu inahusu Temeke ya enzi za Mwingereza, miaka ile baada ya vita kuu ya pili. Temeke ambayo ilikuwa mikorosho na minazi, nyumba za makuti zimeachana mbalimbali, na wanaume wanaamka alfajiri kwenda kwa miguu bandarini kufanya kazi ya ukuli.

Mmoja wa makuli hao alikuwa baba yake bibi. Aliitwa Kibwana. Mzaramo. Alibeba marobota ya mkonge mpaka siku robota lilipomwangukia, akafa angali kijana.

Picha hana. Hakuna aliyempiga picha kuli wa Temeke zama zile. Waliobaki wenye habari zake ni wawili tu, bibi yangu na dada yake mkubwa anayeishi Kisarawe, na bibi aliniambia huyo dada yake hapendi kabisa kuguswa na habari za msiba ule, nisiende kumsumbua.

Kwa hiyo bibi aliposikia naandika kitabu, hakuniuliza kitachapishwa na nani wala kinalipa nini. Aliniambia kitu kimoja.

"Mke mwenzangu, mwandike baba yangu. Halafu uje unisomee, nimsikie akiingia."

(Kwa wasiojua, bibi zetu wanatuitaga wake wenzao kwa utani. Mumewe alishafariki, ila cheo changu hakijafutwa.)

Hiyo "nimsikie akiingia" niliichukulia kama maneno ya bibi tu. Kumbe ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Nikaingia maktaba. Nikasoma kuhusu kodi ya kichwa, magati, bei ya mkonge, jinsi wazungu walivyoupanga mji. Nikawa nimeshiba. Kisha nikaandika sura ya kwanza, mazishi ya Kibwana, nikiamini ukianza na kifo msomaji hatoki.

Kibwana wangu alikuwa "mtu mrefu, mwenye macho ya huzuni, mchapakazi, mpole na mwenye msimamo." Mjane alilia. Watoto walilia. Majirani walilia. Katikati ya vilio nikaweka kurasa kadhaa za utawala wa kikoloni.

Nikamsomea bibi. Alisikiliza huku anachambua mchele kwenye ungo, hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akasema:

"Sasa hapo amekufa nani? Baba yangu au huyo Mwingereza?"

Mama mdogo, mke wa baba mdogo, akacheka huko jikoni.

Ndipo bibi akaniuliza nani anacheka kwenye huu msiba. Nikamjibu kwamba ni msiba, bibi, watu wamefiwa. Akanitazama kama mtu aliyemtuma mtoto dukani akarudi na kitu kingine.

"Watani wako wapi?"

Wakuu, hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wenzangu waliozaliwa juzi. Utani niliokuwa naujua mie ni wa mpira na wa kwenye magroup. Nilijua kwamba Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, lakini niliuweka kwenye kabati la "mila za zamani," pamoja na vitu vingine nisivyovitumia. Niliwahi kuona msibani mtu kavaa koti la marehemu anachekesha watu, nikasema moyoni huyu hana adabu.

Basi bibi akanisimulia.

Kibwana alikuwa na mtani wake, Mnyamwezi anaitwa Mihayo, kuli mwenzake. Walikuwa wanatoka Temeke pamoja alfajiri na kurudi pamoja, wanatukanana njia nzima. Siku ya msiba Mihayo hakuonekana asubuhi. Watu wakaanza kusema, ama kweli Mnyamwezi hana shukrani.

Wakati maiti inaoshwa, Mihayo akatokea uani. Amevaa kanzu ya Kibwana, ile ya Ijumaa. Bega la kushoto kalishusha, maana Kibwana bega lake la kushoto lilikuwa limeinama kwa kubeba mizigo. Akafika kwenye mlango wa chumba walimokaa wanawake na mjane, hakuingia, akagonga mwimo wa mlango kwa vifundo vya vidole, mara mbili, kama Kibwana alivyokuwa akifanya hata nyumbani kwake mwenyewe.

Akasema, "Mama Zuhura, maji."

Mtu mmoja akampa kata ya maji ya mtungini. Mihayo akayapuliza.

Kibwana alikuwa anapuliza kila anachopewa kabla ya kunywa. Uji anapuliza, chai anapuliza, na maji ya baridi ya mtungini pia anapuliza. Mtaa mzima ulimcheka kwa hilo.

Mjane alikuwa amejifunika ndani huko, hamwoni aliyeko mlangoni. Tangu habari ilipofika nyumbani alikuwa hajatoa sauti, si kilio, si neno, mpaka wenzake wakaanza kumwogopea. Aliposikia ule mpulizo akacheka. Akacheka kwa nguvu kabisa, na katikati ya kicheko ndipo kilio kikatoka.

Mimi mbishi nikauliza: "Bibi, we haya uliyaona? Ulikuwa na umri gani?"

"Mdogo," akasema. "Mdogo sana."

"Sasa utakumbukaje mpaka kupuliza?"

Aliweka ungo chini, akasimama. Bibi yangu magoti yanamsumbua, kusimama kwake ni safari. Akaenda mpaka kwenye mlango wa sebule, akanipa mgongo. Alipogeuka bega la kushoto lilikuwa limeshuka.

Akagonga mwimo, mara mbili. Akaja. Zile hatua hazikuwa zake, zilikuwa nzito na pana, hatua za mtu anayejua kuna mzigo unamsubiri. Akachukua glasi yangu ya maji mezani, akaiinua, akaipuliza.

Mama mdogo akatokea jikoni ameshika mwiko. "Nani kaingia?"

Hakuwa anatania. Alisikia mlango, akasikia hatua za mwanaume.

Nimejaribu sana kutafuta maelezo ya lile tukio. Labda ni mwanga. Labda ni kwa sababu nilikuwa nimetoka kusimuliwa. Sijui, na mie si mtu wa kusema sijui kirahisi. Ninachojua ni kwamba kwa muda mfupi kulikuwa na mwanaume pale sebuleni, kuli wa Temeke.

Halafu bibi akakaa, akashika magoti yake, akasema, "Huyo ndiye baba yangu. Yule mrefu mwenye macho ya huzuni simjui."

Nilirudi kwangu Tegeta nikafuta sura yote.

Sasa niseme nilichokipata, nyie mchambue.

Mhusika ambaye hawezi kuigizwa bado hajaumbwa. "Mpole na mwenye msimamo," hebu simama uigize hapo. Huwezi. Lakini anayepuliza maji ya baridi, hata mtoto atamwigiza. Siku hizi nikimaliza kumwandika mtu, nampa rafiki yangu asome, kisha namwambia inuka, niingilie mlangoni kama yeye. Akibaki amesimama ananikodolea macho, narudi mezani.

Pia usimwachie anayempenda mhusika wako peke yake kazi ya kumweleza. Anayempenda atakwambia alikuwa mtu mzuri, basi. Mtafute anayemtania. Mtani ndiye anayekumbuka bega limeinama upande gani, maana ameishi kwa kulicheka.

Na kila scene, jiulize swali la bibi. Kama wote wanalia, nani anacheka? Kama ni harusi, nani amenuna, na amekaa wapi? Wapo wanaosema watani kazi yao ni kuwapunguzia wafiwa machungu. Mie nina mashaka na hilo. Mihayo hakumpunguzia yule mama kitu. Alimletea mumewe mlangoni, na hapo ndipo mama akaelewa ameondokewa na nani.

Lile somo la historia nililolisoma maktaba sikulitupa lote. Mwingereza yumo. Yumo kwenye bega.

Sura mpya nilimsomea bibi sebuleni pale pale. Nilipofika Mihayo anagonga mwimo, niliona mikono yake imeacha mchele. Nilipofika kwenye kupuliza, akageuka akatazama mlangoni. Nikasoma mpaka mwisho.

"Nimemsikia," akasema.

Nikamuuliza kama kuna cha kurekebisha. Akasema Mihayo nimempa matusi machache mno, Mnyamwezi yule alikuwa anatukana kuliko hivyo. Nikaongeza.

Nyie mnaoandika, mnawapataje watu wenu? Na wenye watani waliowahi kuwashangaza msibani, tupieni hapa, nataka sana kusikia. Mnaotaka kubisha karibuni pia, mie mwenyewe bado nabishana na haya.

Limebaki moja, na hili nimelijua mwaka huu tu, kitabu kikiwa tayari kimetoka.

Nilipeleka nakala Kisarawe, kwa yule dada yake bibi, Bibi Zuhura, ambaye sikutakiwa kumsumbua. Nikamsomea msiba wa baba yao. Alilia kidogo, akacheka kidogo, akasema nimempatia Kibwana barabara. Kisha akaniuliza nani kanisimulia. Nikamwambia mdogo wako, yeye si alikuwepo.

"Yule?" akasema. "Yule alikuwa tumboni. Baba hakumwona hata siku moja, na yeye hakumwona baba. Mihayo ndiye aliyekuwa anakuja kila Idi, anavaa ile kanzu, anagonga mwimo, anapuliza maji, mtoto akae amwone baba yake. Alifanya hivyo mpaka tukaolewa."

Akanishika mkono, akanieleza polepole kama anayemwelewesha mgeni: mjane mwenye mimba anakaa eda mpaka ajifungue. Mama yao alitoka eda siku alipomzaa bibi yangu.