Manjano ya Hajati Ruqayya

Hajati Ruqayya aliishi nusu karne bila kujua kwamba kuna manjano zaidi ya moja. Alipojua, akakosa raha.

Aliyemfumbua macho ni Mubarak, mtoto wa kaka yake, aliyesomea usanifu chuoni. Hajati alikuwa na migahawa mitatu ya chai ya viungo na sambusa: wa Lubaga aliourithi kwa baba yake, wa Nakasero na wa Ggaba. Kila mmoja ulikuwa na sura yake, usingedhani ni ndugu. Mubarak akachora nembo moja ya yote mitatu, birika lenye mdomo uliopinda, akachagua aina ya herufi na rangi ya manjano, akamweka shangazi yake chini.

"Shangazi, birika halibadiliki kamwe. Huo ndio uso wako. Rangi ni nguo tu; mahali pakitaka nguo nyingine, badilisha."

Hajati alisikia "halibadiliki kamwe." Yaliyofuata yalimpita.

Tangu hapo alitembea na kipande cha ubao wa manjano mkobani, akikilinganisha na kuta, aproni, hata chupa za chai. Mhudumu aliyekuja na ushungi wa manjano ya limau alirudishwa nyumbani kubadilisha. Nchi hii imejaa watu wanaotaka wengine wote wafanane nao. Angalau Hajati alikuwa akiuza chai.

Kisha kampeni za uchaguzi zikaanza, na manjano yakawa ya chama tawala.

Ayaa, msimamizi wa Ggaba, binti wa polisi aliyekulia kambini, akapiga simu. "Hajati, wanaoingia wanaomba tisheti za bure. Wasiozitaka wanapita ng'ambo ya barabara wakinitukana. Wauza samaki wamehamia kwa jirani. Tukiendelea hivi tunafunga. Niruhusu nipake nyeupe."

"Chapa haibadiliki."

"Ndiyo, afande! Basi njoo uinywe chai hii mwenyewe, sufuria nzima."

Akaenda, amejitanda mtandio wake wa manjano, akakaa asubuhi nzima. Meza zilikuwa tupu. Mwishowe aliingia mzee mmoja, akavua kofia, akamwinamia.

"Mheshimiwa, ile barabara yetu mnaitengeneza lini?"

Ayaa alicheka mpaka akashika kaunta. Hajati hakucheka. Alimpigia Mubarak.

"Nikipaka nyeupe, chapa inakufa?"

"Shangazi, si nilikwambia siku ile ile? Birika libaki. Nguo badilisha!"

"Hukusema."

Wiki hiyo ukuta wa Ggaba ukawa mweupe, birika likiwa pale pale na mdomo wake uliopinda. Wauza samaki wakarudi, wa chama hiki na wa kile, wakagombana vizuri juu ya sambusa moto. Hajati alifurahi hata akawaita wasimamizi wote.

"Kuanzia leo kila mgahawa uko huru. Mtachagua rangi wenyewe."

"Yoyote?" Ayaa akauliza, hakuamini.

"Yoyote," alisema Hajati, "mradi iwe nyeupe."