Bi Kimya na Chipseti Yenye Feni

Mtaa mzima haukuwa na mtu wa kelele kama Bi Kimya. Jina hilo alibandikwa na majirani, kwa sababu kila akitaka kuwasha maikrofoni yake alichungulia dirishani na kufoka, "Kimya!" kwa sauti ambayo peke yake ingeharibu rekodi tatu. Kazi yake ilikuwa kurekodi vitabu kwa ajili ya watu wasioona. Chumba cha nyuma alikigeuza studio: magodoro manne yamesimamishwa ukutani, zulia limepigiliwa misumari nyuma ya mlango, saa ya ukutani imefukuzwa kwa kosa la kugonga. Hata kiti hakununua hivihivi. Alikikalia kwanza dukani, akajipinda huku na huku, akatega sikio. Kikilia, hakitaki. Wauza viti walimjua, na akiingia walitazamana.

Juma lile alikuwa na kitabu kimoja tu kichwani, na msomaji wake alikuwa Mwalimu, yule yule aliyemfundisha kusoma alipokuwa na miaka saba. Mume wa Mwalimu, ambaye watu walimwita Mzee tu, macho yalimwacha miaka tisa nyuma. Tangu hapo mkewe alimsomea kila alasiri baada ya chai. Sasa kooni mwa Mwalimu palikuwa na uvimbe, na Jumatatu angepasuliwa. Daktari hakuzunguka mbuyu: uvimbe utatoka, lakini sauti huenda isirudi, na ikirudi huenda isiwe hii.

"Basi mrekodi," Mzee alimwambia Bi Kimya. "Kile kitabu chetu kinene. Macho nimeyakosa, nimeshazoea. Nikose na sauti yake?"

Bi Kimya alilia, akapenga kamasi, kazi ikaanza. Kufikia Jumatano zilikuwa zimebaki sura sita, na zimebaki siku nne za kusoma, Alhamisi mpaka Jumapili. Koo la Mwalimu lilihimili saa moja kwa siku, halivuki hapo. Saa moja ilitosha sura moja na nusu, kama si ile kompyuta.

Ah, ile kompyuta! Ilikuwa kimya kama kaburi, na hiyo ndiyo sifa yake pekee iliyobaki. Kila baada ya dakika kumi na tano ilikwama. Sauti inakatika, kioo kinaganda, Bi Kimya anainua mkono, Mwalimu anafunga mdomo katikati ya sentensi, mashine inazimwa na kuwashwa upya. Kila siku nusu saa ya koo la watu inaliwa na chuma. Ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye mazabodi, ule ubao mkubwa wa ndani ambao kila kitu kinapachikwa juu yake, na hasa kwenye chipseti, ile chipu inayoamua nani apite na nani asubiri. Ya Bi Kimya ilikuwa imezeeka. Maikrofoni na diski vilipotaka kupita pamoja, ilichanganyikiwa.

Ya kizazi kipya alikuwa ameshaipenda kabla hajaiona. Mwezi mzima alisoma habari zake kwenye simu. Alijua njia zake ni ngapi, kasi yake ni kiasi gani, na akiulizwa habari za asubuhi alijibu habari za chipseti. Makochi mapya aliyokuwa akiyawekea akiba yalikwisha kusahauliwa.

"Shemeji, ipo?" aliuliza Jumatano ile, akiingia dukani kwa mume wa dada yake, fundi wa kompyuta.

"Ungeanza na shikamoo, ningeitikia," shemeji akasema. "Ipo. Lakini kaa chini tuzungumze."

"Sina pa kukaa, viti vyako vyote vinalia."

Shemeji akaweka maboksi mawili mezani. Moja lilikuwa na mazabodi ya zamani kama ile ya kwake, iliyotumika lakini nzima. "Hii unaijua. Prosesa yako inaingia, memori yako inaingia. Ikikwama, itakwama kwa adabu, labda mara mbili kwa saa. Ile nyingine ni chipseti mpya. Ukiichukua hiyo, prosesa mpya, memori mpya, karibu kompyuta nzima. Na una siku nne, shemeji. Wewe unajua wahenga walivyosema: kipya kinyemi kingawa kidonda."

"Wahenga walikuwa na kompyuta?"

"Hawakuwa nayo, ndiyo maana walilala usingizi."

Bi Kimya alicheka. Alifungua boksi la pili. Mazabodi ilikuwa nyeusi tii, safi, na pale chipseti ilipokaa palifunikwa na kipande cha bati lenye matundu. Alikipapasa kwa kidole. Mara mbili kwa saa, ile ya adabu. Na koo la Mwalimu je, lina adabu? Likikoma, limekoma.

"Ifunge hii," akasema. "Iwashe hapahapa niione."

Shemeji akaifunga, akaiwasha. Lo! Kufumba na kufumbua ilikuwa tayari. Bi Kimya alirekodi nusu saa nzima ya sauti yake mwenyewe akimsema shemeji, na haikukwama hata mara moja. Alipiga makofi. Akamkumbatia shemeji mbele ya wateja. Nje, mchomeleaji alikuwa akikata mageti, jenereta la jirani likinguruma, pikipiki zikipigiana honi, na Bi Kimya, anayekataa kiti kwa kulia, hakukumbuka kutega sikio. Jamani, furaha!

Alhamisi saa nne asubuhi Mwalimu alikaa mbele ya maikrofoni, shali shingoni. Mzee alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Bi Kimya akafoka dirishani, akawasha, akanyoosha kidole. Mwalimu akasoma aya ya kwanza.

"Samahani," Mzee akasema. "Humu mna mbu?"

"Mchana huu, Mzee?"

"Namsikia. Yuko upande wa mashine."

Bi Kimya alizuia pumzi. Alikuwepo. Mluzi mwembamba, hauishi, chini kabisa ya sauti ya Mwalimu. Akafungua kasha, akainama mpaka pua ikagusa bati. Chini ya yale matundu, juu ya chipseti, kifeni kidogo kilikuwa kikizunguka kwa bidii kama kimelipwa. Alivaa hedifoni, akasikiliza ile aya. Mluzi ulikuwemo mwanzo mpaka mwisho.

Akampigia simu shemeji akiwa ukumbini, kwa kunong'ona kwa hasira. "Ulijua ina feni?"

"Chipseti hiyo inachemka, lazima ipozwe. Niliiona, shemeji. Lakini wewe ndiye mtu wa masikio! Mimi nikuambie habari za sauti?"

Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Ukikitoa hicho kifeni utaiunguza," shemeji akaendelea. "Nije nikufungie ile ya zamani? Ndani ya saa moja utakuwa kimya chako na kukwama kwako."

Bi Kimya akatazama kupitia mlango. Mwalimu alikuwa amefunga macho, akilitunza koo lake, mkono wake begani kwa Mzee. Kurudia ile ya zamani ni kuzika sura mbili. Kubaki na hii ni kumpa Mzee mkewe pamoja na mbu, maisha yote. Alitamani kuipiga teke. Halafu akajiuliza swali ambalo miaka kumi hakuwahi kujiuliza: nani alisema kompyuta lazima ikae chumbani? Ilikaa humo kwa sababu ilihitaji mkono wake kila robo saa. Hii haimhitaji mtu!

"Usije," akamwambia shemeji, akakata simu, akakimbilia dirishani. "Seremala! Njoo na drili yako, upesi!"

Seremala wa jirani, anayefokewa kila siku ya Mungu, alikuja akitabasamu mpaka jino la mwisho. "Leo umeniomba mwenyewe nipige kelele?"

"Toboa hapo. Nyaya zipite, zitokee jikoni. Na usijizoeshe."

Seremala alitoboa kwa raha zake, vumbi likatapakaa kwenye magodoro, hata Mwalimu akacheka bila kutoa sauti. Kompyuta ikahamia jikoni, juu ya meza, kando ya sufuria. Chumbani kikabaki kioo, maikrofoni na tundu, nalo likazibwa kwa kipande cha godoro.

"Mimi nitakaa nayo," Mzee akasema. "Nipeni hedifoni. Ikikata, nitajua kabla yenu." Akawekwa jikoni, hedifoni kichwani, kiganja juu ya kasha, akiisikia ikitetemeka.

Bi Kimya akanyoosha kidole. Mwalimu akasoma. Dakika kumi na tano zilipotimia akanyamaza mwenyewe, akatazama, akangoja.

"Mbona hunisimamishi?"

"Soma, Mwalimu! Soma tu!"

Akasoma. Saa nzima, sauti ikitiririka bila kukatwa, na Bi Kimya akijiuma kidole asipige kelele za furaha. Siku hiyo ilikwenda sura moja na nusu. Ijumaa hivyohivyo, Jumamosi hivyohivyo. Jumapili Mwalimu alisoma sentensi ya mwisho ya kitabu kinene, akakifunga, na Bi Kimya akaruka juu kama mtoto.

"Tumemaliza! Na bado dakika nane!"

"Bado koo lipo," Mwalimu akasema. "Limechoka, ila lipo."

"Basi usilipoteze. Sema naye. Chochote."

Mwalimu akaisogelea maikrofoni. Alipoanza hakuanza na mapenzi wala maombi.

"Sukari iko rafu ya pili, kopo la mviringo. La mraba ni chumvi, umeshanitilia chumvi kwenye chai mara tatu. Shati la bluu lina kifungo kimelegea, usilivute. Dawa yako ni asubuhi, kabla ya chai, si baada. Kabla! Na ukiamka usiku ukanikuta nimelala, niamshe tu. Usiogope kuniamsha. Hata kama siwezi kukujibu, nitakushika mkono, utajua nimesikia."

"Nimesikia!" Mzee akaitikia kutoka jikoni, kwa sauti iliyopasuka, ikapita ukutani, ikaingia kwenye maikrofoni.

Jioni Bi Kimya aliisafisha rekodi nzima, kama kawaida yake. Alifuta kikohozi, alifuta mkwaruzo wa shali, alifuta kurasa zikigeuzwa. Alipofika kwenye ile "Nimesikia!" ya Mzee aliisikiliza mara nne, akaondoa mkono kwenye kitufe cha kufuta.